Tarakimu, Maneno na Vituo katika Hati za Kiswahili

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi hesabu ilivyoandikwa katika hati za watu wa pwani tangu zama za herufi za Kiarabu, na jinsi maneno ya hati hizo yalivyogawanywa ili maana isipotee. Neno hati nalitumia kwa maana ya maandishi yafungayo watu: mapatano ya kuuza na kununua, ya kukopa, ya kupangisha, ya rehani, na wasia. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, lakini watu wamepoteza mashamba na nyumba kwa ajili ya nukta moja. Tena, sasa ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria, wajibu wa kulichunguza umetuangukia sisi tushughulikao na lugha, wala si mawakili peke yao.

Desturi ya kuandika deni ni kongwe katika pwani, nayo ina msingi katika dini. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, yaamrisha kwamba deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Kwa sababu hiyo mwandishi wa hati alikuwa mtu wa heshima, na kazi yake ilikuwa na kanuni zake. Mifano ya hati na barua za Kiswahili za karne ya 19 yapatikana katika mkusanyo alioutoa C. G. Büttner mjini Berlin mwaka wa 1892, na kitabu cha C. Velten cha mwaka wa 1901 kilitungwa mahsusi ili kuwafundisha wageni kuyasoma maandishi ya namna hiyo.

Msomaji wa leo azitazamapo hati za aina hii aona mara moja kwamba hazina mkato wala nukta ya kumalizia sentensi. Asidhani kwamba hazikuwa na mpango. Kazi ifanywayo leo na vituo ilifanywa na maneno. Baada ya salamu lilikuja neno *ama baada*, nalo lilijulisha kwamba utangulizi umekwisha na shauri lenyewe laanza. Maneno kama *na tena*, *kadhalika* na *wa baadahu* yalitenga jambo moja na jingine, na *wasalamu* lilifunga mlango wa maneno, hata mtu asiweze kuongeza sharti chini yake bila ya kuonekana. Alama ndogo ya wino yaweza kuongezwa usiku na mtu mwovu; neno zima si rahisi kulipenyeza.

Kwa upande wa hesabu hatari ilikuwa kubwa zaidi. Tarakimu za Kiarabu zilizotumika pwani ni nyepesi kuandika, na kwa hiyo ni nyepesi kugeuza. Sifuri yake ni nukta tu (٠). Mtu akiweka nukta moja mwishoni mwa reale 50 amezifanya 500. Mbili (٢) yageuka tatu (٣) kwa kuongezwa jino moja. Tena tarakimu hizi zilipokutana na za Kizungu, tano ya Kiarabu (٥) ilifanana na sifuri ya Kizungu, na sita (٦) ilikuwa na umbo lililo karibu na 7. Katika mji wa Zanzibar wa karne ya 19 hazikuwa namna mbili tu. Wafanya biashara wa Kihindi, kama nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha kwa miaka mingi, waliandika daftari zao kwa Kigujarati na kwa tarakimu za Kigujarati. Deni moja basi liliweza kuandikwa kwa tarakimu za namna tatu, kila moja ikiwa wazi kwa mwenyewe na fumbo kwa mwenzake.

Hofu hii haikuwa ya pwani peke yake. Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kwa jina la Fibonacci, alijifunza hesabu ya tarakimu hizo akiwa kijana katika bandari ya Bugia, iliyoko Algeria ya leo, na mwaka wa 1202 akaandika kitabu kuzieleza kwa watu wa Ulaya. Lakini mwaka wa 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza watu wake kuandika fedha kwa tarakimu katika daftari zao, kikawataka waandike kwa maneno. Hata tarakimu za Kizungu zina udhaifu wake: 0 yaweza kufanywa 6 au 9 kwa mkia mmoja, na 1 yaweza kufanywa 7.

Waandishi wa Kiislamu nao walikuwa na dawa yao, yenye akili nyingi. Waliandika kiasi kwa maneno, kisha wakataja na nusu yake: dirhamu mia, nusu yake hamsini. Mtu akitaka kuigeuza mia kuwa mia mbili, nusu yamshitaki. Akiigeuza nusu, mia yenyewe yamshitaki. Hapakuhitajiwa muhuri wala karatasi ya namna mbalimbali, ilitosha hesabu kujishuhudia yenyewe. Desturi hii yapatikana katika hati za Kiarabu za karne nyingi, na nitairudia baadaye, maana ina faida kwa Kiswahili ambayo sidhani waliyoianzisha waliifikiria.

Serikali za kikoloni zilipokuja, zilileta herufi za Kirumi, tarakimu za Kizungu, vituo, na kanuni moja ya sheria. Kanuni hiyo yasema kwamba ikiwa kiasi kimeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, na viwili hivyo havipatani, basi maneno ndiyo yafuatwayo. Yamo katika sheria ya Bara Hindi ya mwaka wa 1881 juu ya hati za fedha, na katika sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1882 juu ya hawala, ambayo sheria za nchi zetu zimefuata mfano wake. Kila mtu aandikaye hundi leo aitii kanuni hiyo, ajue asijue.

Fedha nayo ilibadilika. Reale na rupia zilipokwisha, shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka wa 1921, ikagawanywa kwa senti 100. Pamoja nayo ikaja desturi ya kuandika mkwaju baada ya shilingi, na kistari mahali pa senti zisizokuwapo: 25/-. Uingereza kistari hicho kilikaa mahali pa peni mpaka fedha ya huko ilipobadilishwa mwaka wa 1971. Kwetu desturi imebaki na kukua, hata leo watu huandika 25,000/= katika risiti na hati za nyumba. Wako wanaoucheka mwandiko huo kuwa wa kizamani, lakini kazi yake ni ile ile ya *wasalamu*: hufunga mlango, mtu asiongeze tarakimu nyuma yake.

Hapa ndipo pafikapo swali la lugha. Kanuni ya kwamba maneno yashinda tarakimu imejengwa juu ya dhana kwamba maneno ni wazi kuliko tarakimu. Je, ni hivyo katika Kiswahili? Natazame kiasi hiki: *shilingi elfu ishirini na tano*. Wengi watasema ni 25,000. Lakini maneno hayo hayo ndiyo yatumikayo kwa 20,005, maana elfu ishirini, ukiongeza tano, ni elfu ishirini na tano.

Sababu yake imo katika muundo wa lugha. Neno *elfu* tumelipata kwa Waarabu, lakini hatukulitumia kwa mpango wao. Katika Kiarabu, kama katika Kiingereza, hesabu itajayo idadi ya maelfu hutangulia, na elfu yenyewe hufuata. Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, hutanguliza jina na kuleta sifa nyuma yake: *watu watano*, *miaka kumi*, na vivyo hivyo *elfu tano*. Basi hesabu ya maelfu na hesabu ya mabaki zote huja upande mmoja, baada ya elfu, na *na* iliyo katikati yaweza kuunganisha yo yote kati ya hizo mbili. Kwa *mia* shida hii haitokei, kwa sababu idadi ya mamia haizidi tisa: *mia mbili na tano* haiwezi kuwa ila 205. Shida huanza pale ambapo kizidishi chenyewe kina *na* ndani yake, nayo yaendelea katika milioni na bilioni.

Katika usemi shida huondolewa na sauti. Msemaji akusudiaye 20,005 hutua kidogo baada ya *ishirini*, kisha husema *na tano*. Mtuo huo ndio ambao mkato uliwekwa duniani kuuandika: *elfu ishirini, na tano*. Lakini mawakili wa mapokeo ya Kiingereza kwa muda mrefu hawakuuamini mkato, na hati zao za ardhi ziliandikwa bila vituo. Mwaka wa 1916 mkato ulifika mahali pa kutisha. Roger Casement, aliyekuwa amejulikana kwa taarifa yake ya mwaka wa 1904 juu ya mateso ya watu wa Kongo, alishitakiwa mjini London kwa uhaini alioufanya Ujerumani. Sheria yenyewe ilikuwa ya mwaka wa 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani, na mabishano yakawa kama maneno ya mwisho, yataiayo mahali pengine nje ya ufalme, yaliambatana na tendo la kumsaidia adui au na mahali alipo adui. Majaji wawili walikwenda kuutazama waraka wenyewe ili kuona alama zake. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na watu wakasema kwamba alinyongwa kwa mkato.

Basi katika hati tusiutegemee mkato peke yake. Neno libebe maana, na kituo kilisaidie neno. Kwa hesabu ya maelfu Kiswahili kina njia tatu zilizo tayari. Ya kwanza ni kutanguliza kizidishi: *ishirini na tano elfu* haiwezi kuwa ila 25,000. Mpango huu husikika mara nyingi katika usemi wa watu, kwa hiyo hatutaanzisha jambo geni. Ya pili ni kutumia *laki* pale ifaapo. *Laki moja na elfu tano* haina shaka, ilhali *elfu mia na tano* yaweza kuwa 105,000 au 100,005. Ya tatu ni ile nusu ya wazee. Mtu aandikaye *elfu ishirini na tano, nusu yake elfu kumi na mbili na mia tano*, amekwisha maliza ubishi, kwa sababu nusu ya 20,005 ni elfu kumi na mbili na nusu ya shilingi, na hakuna mtu atakayeichanganya akiwa na tarakimu mbele yake: 12,500 ni mbali na 10,002.50. Lakini mfano huu wenyewe waonyesha kwamba hata nusu yataka kuandikwa kwa kutanguliza kizidishi, *kumi na mbili elfu na mia tano*, ili isivute shaka nyingine nyuma yake. Njia ya kwanza basi ndiyo msingi, na ya tatu ni ulinzi juu yake.

Hatari nyingine ni ya mipaka. Waliosoma katika mapokeo ya Kiingereza, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, huandika mkato kutenga maelfu na nukta kutenga sehemu za kumi. Waliosoma katika mapokeo ya Kifaransa, kama vile Kongo na Burundi, hufanya kinyume. Kilo 1.500 za kahawa ni kilo moja na nusu kwa mtu wa Mombasa, na ni kilo elfu moja na mia tano kwa mtu wa Bukavu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Aprili 2022, na hati za biashara za Kiswahili zinavuka Ziwa Tanganyika kila siku. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka wa 2003 ulikubali alama zote mbili kwa sehemu za kumi, lakini ukasisitiza kwamba tarakimu zigawanywe tatu tatu kwa nafasi tupu, bila nukta wala mkato: 1 500. Katika hati za fedha nafasi tupu yaweza kujazwa na mwizi, kwa hiyo maneno hayaepukiki. Na *bilioni* yataka uangalifu huo huo, maana mtu wa Kifaransa huita elfu ya milioni *miliari*, na *bilioni* kwake ni mara elfu zaidi.

Kadhalika na muda. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, hivi kwamba miaka 99 ya Hijra ni kama miaka 96 tu ya kizungu. Mpangaji wa ardhi aweza kupoteza miaka mitatu kwa kutokutaja ni mwaka upi. *Usiku wa Ijumaa* kwa hesabu ya kale ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa hesabu ya ofisi ni usiku uifuatao. *Saa mbili* yaweza kusomwa kwa saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Hati njema husema *saa mbili asubuhi* na kutaja tarehe kwa kalenda iliyoelezwa.

Mwaka wa 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo sentensi ya Kiswahili, pamoja na *na* zake na *elfu* zake, yaweza kumnyang'anya mtu mali yake bila ya kuwapo nakala ya Kiingereza ya kuikimbilia. Yafaa basi wanaosanifu istilahi za sheria waweke pamoja nazo kanuni fupi ya hesabu: kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kizidishi kitangulie elfu, milioni na bilioni kila kinapozidi kumi, mabaki yatengwe kwa mkato, na katika mali kubwa itajwe na nusu. Mwandishi wa hati za kale, aliyekaa barazani na kalamu yake ya mwanzi, asingeona jambo geni katika kanuni hiyo ila mkato tu.