Klarineti ya zamani: pima chombo kabla ya kumlaumu mpigaji

Katika fanfari na kwaya zetu, kijana anayejifunza hupewa mara nyingi klarineti ya zamani. Noti za chini zikikataa kutoka, anaambiwa hana pumzi. Lakini noti hizo zinadai matundu yote yazibwe vizuri. Uvujaji mdogo tu popote unaziharibu. Mara nyingi kosa si la kijana.

Kupima

Kwanza tazama ulimi wa tete (anshi) mdomoni mwa chombo. Ukiwa na ufa au umemeguka ncha, badilisha. Kisha tenganisha chombo. Chukua sehemu ya juu, ziba matundu yake kwa vidole, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, halafu puliza taratibu kwa juu. Hewa ikitoroka, kuna uvujaji.

Kuupata, ingiza kipande cha karatasi nyembamba sana chini ya tampo (kile kifuniko laini cha tundu), funga, na vuta karatasi polepole. Ikiteleza bila kushikwa, upande ule haufungi. Pima pande zote za tampo.

Kubadilisha tampo

Tampo iliyopasuka au kukauka haitengenezwi, hubadilishwa na mpya ya kipimo kilekile cha milimita. Chora chombo kwenye katoni na uchomeke kila skrubu mahali pake, kwa maana urefu wake hautofautiani kwa bure. Pasha moto kikombe cha chuma kikiwa mbali na chombo: klarineti za bei nafuu nyingi ni plastiki, nazo huyeyuka. Toa tampo ya zamani, weka kole kidogo ya kuyeyushwa, bandika mpya. Rudisha kifungo na ukifunge kabla kole haijakauka, ili tampo ilale sawa. Pima tena kwa karatasi.

Maungio na springi

Koki ya maungio ikiisha, ikwangue yote, kisha zungusha uzi uliopakwa nta ya nyuki. Ndivyo mafundi wa zamani walivyofanya. Sehemu ziungane bila kutikisika na bila kulazimishwa.

Kifungo kisichorudi, tazama kama springi imetoka mahali pake. Irudishe kwa sindano ya kufumia. Ikiwa imevunjika, mpira mdogo unaweza kusaidia ibada ya Jumapili moja, si zaidi. Kwenye skrubu tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kunata.

Mahali pa kusimama

Kifungo kilichopinda au mwili wenye ufa, peleka kwa fundi. Klarineti ya mbao isilowekwe majini. Tengeneza jambo moja, pima, ndipo uendelee. Anayefungua vyote kwa siku moja hukiacha chombo cha kanisa katika mfuko wa vipande.

Viongozi wa kwaya, kipimo hiki huchukua dakika chache. Kifanyeni kabla ya kumwondoa kijana katika kundi. Isaya 42:3 inatuonyesha Mtumishi wa Bwana asiyemaliza kuvunja kilichopondeka. Kama tunaweza kuwa na subira hiyo kwa klarineti, tuwe nayo zaidi kwa yule anayeipuliza.