Ukaguzi wa Babu

Gobori ya babu yangu ilikaa darini, juu ya moto wa jikoni, hapa Hamukungu. Moshi ndio uliokuwa ukiikinga na kutu. Baruti aliiweka mbali, ndani ya pembe ya ng'ombe, chumbani kwake. Kabla ya kutoka aliikagua bunduki kwa mpangilio uleule kila mara: fataki, baruti, mtambo, mtutu, na kitako mwisho kabisa. Fataki aliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango kuona kama shaba yake imeshika ukijani. Baruti aliisugua kati ya vidole viwili. Ikishikamana, safari iliahirishwa. Kisha aliutumbukiza mdeki mtutuni na kusikiliza. Ukilia kikavu, chuma kwa chuma, mtutu ni mtupu. Ukilia kizito, kuna shindilio la zamani ndani, na atakayeongeza jingine juu yake anaweza kuondoka bila mkono.

Babu alikuwa Msongora na nyumbani alisema Rusongora, lakini bunduki aliizungumzia kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi sikujiuliza kwa nini. Jibu lake ni historia ya ziwa letu hili la George na ya bonde lote mpaka Katwe.

Bunduki zilifika kwetu kwa njia ya misafara kutoka pwani, na mafundisho yake yakaja pamoja nazo, kwa Kiswahili. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa magobori, mabaki ya majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kuhamia bunduki za kujaziwa nyuma. Zilipitia Tabora, zikavuka hadi Buganda na Bunyoro, na mikononi mwa Warasura, askari wa Omukama Kabarega wa Bunyoro, zikafika Katwe kulinda chumvi. Juni 1889 mvumbuzi Stanley aliteremka kutoka upande wa Rwenzori na watu wake wa Zanzibar wakiwa na Remington. Warasura waliiacha Katwe. Remington ilijaziwa nyuma kwa risasi iliyokamilika, wakati mwenye gobori bado alikuwa akishindilia. Miaka miwili baadaye Kapteni Lugard wa Uingereza alijenga Fort George hapo Katwe, juu ya ziwa la chumvi. Huyu ndiye aliyeandika kwamba bunduki ya Maxim aliyofika nayo Kampala Desemba 1890 ilikuwa ileile iliyovuka Afrika pamoja na Stanley, nayo ilikuwa imechakaa.

Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba wa Brussels. Ulizuia bunduki za kisasa, zile zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kupiga mfululizo, zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Gobori na baruti ya kawaida viliachiwa mlango. Ndiyo maana babu, aliyezaliwa baada ya Kabarega kupelekwa uhamishoni, alirithi silaha ambayo askari wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuitupa. Hata hivyo Charles Stokes, Mwairishi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara wa misafara, aliendelea na biashara ya silaha mpaka Januari 1895, Kapteni Lothaire alipomnyonga huko Kongo kwa kosa la kuwauzia Waarabu bunduki.

Lakini gobori ilidumu kwetu pia kwa sababu ilitengenezeka, na hili waandishi wengi wanalipita haraka mno. Mackay, mmisionari fundi aliyefika Buganda mwaka 1878, alitengeneza bunduki za Kabaka Mutesa, na mafundi Waganda wakashika kazi. Lugard aliwasifu katika kitabu chake cha 1893: waliweza kuchonga kitako kipya ambacho ungekidhania cha fundi wa London. Kitako cha babu kilikuwa cha namna hiyo, mti wa hapahapa, kimefungwa kwa ngozi mbichi iliyokaushwa hadi ikakaza kama chuma. Mtutu ulitoka Ulaya, mtambo ulitoka bunduki nyingine kabisa. Alijua kila kipande kimetoka wapi, na hicho ndicho kilichompa imani nayo.

Wageni nao, wale waliokuwa makini, walifikia hukumu ileile: chagua bunduki unayoiamini. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Rigby ya .275, bunduki ndogo ambayo wenzake waliiona ya kuwindia swala. Alipasua fuvu la ndovu ili ajue ubongo unakaa wapi. Bunduki yake nyingine, ya .256, ilikuwa nyepesi zaidi na aliipenda, lakini aliiacha kwa sababu risasi zake hazikuaminika. Za .275 ziliaminika. Simsifu kwa ndovu wale; idadi yake inanitia uchungu. Ila kuhusu kuchagua bunduki, yeye na babu wangeelewana.

Mimi nilikuja kutunza ghala la silaha la walinzi wa wanyama kwa miaka 22. Hifadhi yetu ilianzishwa mwaka 1952 ikiitwa Kazinga, na 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1967 maelfu ya viboko walipigwa risasi kwa mpango wa wataalamu, kwa kuwa walikuwa wamemaliza majani ya ukingoni, na wazee wa hapa bado wanaikumbuka nyama ile. Nilipoanza kazi nilikuta bunduki chache za zamani za Mark 4, halafu tukabaki na bunduki za SMG. Mwaka mmoja tuliletewa risasi zilizokaa mahali penye unyevu. Nilipofungua sanduku nikaona ukijani kwenye shaba, nikaandika barua zirudishwe. Niliambiwa zigawiwe. Wiki ya tatu mlinzi mmoja alikutana na nyati aliyejeruhiwa na mtego, akafyatua, ikalia "tak" tu. Akakoki tena, tak. Aliponea juu ya mti akiwa na paja lililopasuka. Bunduki yenyewe niliifungua yote usiku ule: haikuwa na kosa lolote.

Baada ya vita vya 1979 kati ya Uganda na Tanzania bunduki za kijeshi zilizagaa, na ndovu wa hifadhi, waliokuwa maelfu, walifika takriban 150 mwaka 1980. Siku hizo hakuna aliyekuwa na haja ya kuchagua.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote ghalani ni darubini. Neno lenyewe ni la Kiajemi, "mwona mbali", nalo lilipanda na misafara kama bunduki na baruti. Darubini niliikagua kama babu: niliinusa kwanza, maana ukungu wa kioo hunuka kabla haujaonekana, kisha nikaielekeza kwenye mtumbwi wa mbali ziwani. Picha zikiwa mbili, ilirudi kabatini. Lakini si kila kifo huja na bunduki: Aprili 2018 walinzi walipowatafuta simba karibu na Hamukungu, walikuta mizoga 11, majike watatu na watoto wanane. Hakuna risasi iliyopigwa, ilikuwa sumu.

Babu aliipeleka gobori yake kwenye ofisi ya gombolola mwaka niliomaliza shule ya msingi, akitembea nayo mchana, bila fataki. Kama kwenu bado ipo moja darini, fanyeni vivyo hivyo: ipelekeni polisi. Ila kabla hamjaipeleka, mketisheni mzee aliyeitumia, awatajie kila kipande kwa jina lake, nanyi muandike.