Ami alisomeshwa na serikali, dada akasomeshwa na upatu

Kwenye kipindi cha juzi mlimsikia mama yangu akisema, "Ami yako kasoma chuo hapahapa London na hadaiwi hata senti. Nyinyi mnakopa kwa nini?" Wengi mmeniandikia kwamba na kwenu husemwa hivyohivyo. Kisa cha ami ni cha kweli kabisa, ila Uingereza ile haipo tena.

Ami aliletwa huku mtoto, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Sheria ya Elimu ya 1962 ilikuwa imezilazimisha halmashauri kumlipia kijana mkazi ada ya digrii ya kwanza, na juu yake kumpa posho ya kujikimu, iliyopimwa kwa kipato cha wazazi. Babu alikuwa kibarua kiwandani, kwa hiyo ami akapata posho nzima. Nasema mkazi, maana wageni waliongezewa ada tangu 1967, na kufikia 1980 wakaanza kutozwa gharama kamili. Binamu wa Unguja angekuja mwaka ule kusoma darasa moja na kijana wa huku, angelipa yote.

Halafu mambo yakageuka kidogokidogo. 1990 ikaja mikopo ya kujikimu. 1998 ikaja ada ya pauni 1,000, tena mzazi mwenye uwezo alipe papo hapo. 2006 ikafika 3,000, kwa mkopo. 2012, hapa England, 9,000, na riba iliyokuwa ikifuata mfumuko wa bei ikaruhusiwa kufika asilimia 3 juu yake.

Dada alipata nafasi mwaka huohuo wa 2012. Mama akasema riba haingii nyumbani kwake. Dada akafanya kazi dukani miaka miwili, akaanza chuo 2014.

Ada ikatoka kwenye upatu. Majina kumi na mawili, pauni 250 kila jina kwa mwezi, anayefikiwa na zamu anachukua 3,000. Mama alishika majina matatu. Pigeni hesabu wenyewe: 750 kila mwezi, kwa mshahara wa kusafisha maofisi. Watu huusifu upatu kama muujiza, lakini hauzai hata pauni moja. Unakukusanyia zako tu, na kukuonea haya ukichelewa.

Hakuna aliyetukalisha kutueleza kwamba mkopo ule wa 2012 haukudaiwa mpaka mshahara upite pauni 21,000 kwa mwaka, kwamba ulikata asilimia 9 ya kile kilichozidi tu, na baada ya miaka 30 kilichobaki kinafutwa. Je, hiyo ni riba au kodi? Masheikh wametofautiana na mimi si sheikh. Lakini mama angeamua akiwa na karatasi mbele yake, siyo akiwa na hadithi ya ami.

Serikali nayo ilijua. 2014 ilikusanya maoni kuhusu mkopo usio na riba, majibu yakafika kama 20,000. Sheria ya kuuruhusu ikapita 2017. Dada alimaliza mwaka huo, na mkopo wenyewe haukuwa umefunguliwa.

Nilimwuliza ami posho yake ilikuwa kiasi gani. Hakumbuki. Anakumbuka tu kwamba kila mwanzo wa muhula alikuta hundi inamngoja chuoni.