Ngano ya Biblia: Kutoka Mbegu ya Shambani hadi Mkate wa Kanisani

Ngano inatajwa kuanzia kitabu cha Mwanzo hadi Ufunuo, na mahubiri mengi hupita juu yake haraka kana kwamba kila mtu anaijua. Wasikilizaji wetu wengi hulima mahindi, mpunga, mtama au mihogo. Ukiwaacha wale wa Hanang, Karatu, Narok au Uasin Gishu, ngano kwa wengi ni unga wa dukani wa kupikia chapati na maandazi. Katika makala hii tunaeleza jinsi ilivyolimwa katika nchi ya Biblia, na kwa nini Wakristo wameipa maana kubwa.

Tuanze na majira. Katika Israeli ya kale mvua zilianza Oktoba au Novemba na kukoma Machi au Aprili. Baada ya hapo ni jua tupu hadi mwaka urudi. Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili inapotaja masika na vuli, tusipige hesabu kwa miezi ya kwetu. Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, mkulima alifunga ng'ombe kwenye plau ya mti na kupanda. Shayiri ilitangulia kukomaa, karibu na Pasaka. Ngano ilifuata wiki kadhaa baadaye, Mei hadi Juni. Ruthu, mjane mgeni aliyefika Bethlehemu bila shamba, aliokota masuke hadi mavuno yote mawili yakaisha. Sheria ya Walawi ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni kabisa au kurudi kuokota yaliyoanguka. Mabaki yale yalikuwa haki ya maskini na mgeni.

Mbegu na njaa

Mbegu ilitoka katika ghala lile lile la chakula. Mavuno yaliyopita yakiwa mabaya, kila kibaba kilichopandwa ni kibaba ambacho watoto hawakula, na mavuno mapya yako mbali, miezi mitano au sita mbele. Zaburi ya 126 inamtaja mtu anayekwenda kupanda huku analia. Wafafanuzi wameyaeleza machozi hayo kwa namna nyingi, lakini mkulima aliyewahi kuificha mbegu juu ya dari wakati nyumba ina njaa hahitaji kuelezwa sana.

Tukisoma tukiwa na picha hiyo, maneno ya Yesu katika Yohana 12 yanapata uzito wake. Siku chache kabla ya kusulubiwa alisema kwamba chembe ya ngano isipoanguka ardhini na kufa hubaki peke yake, bali ikifa huzaa sana. Wakristo wanaelewa kwamba alikuwa akisema habari za kifo chake mwenyewe. Mtaalamu wa mimea atasema mbegu haifi, kwa kuwa mche hutoka ndani yake ukiwa hai. Ni kweli, lakini chakula kilichokuwa ndani ya chembe huliwa chote na mche, na ukifukua baadaye hukuti kitu ila ganda. Mtume Paulo alichukua mfano huo huo alipowajibu Wakorintho waliouliza wafu watafufuka na mwili wa namna gani. Waorthodoksi hadi leo, katika ibada za kuwakumbuka marehemu, huchemsha ngano nzima, huitia asali au sukari na zabibu kavu, hubarikiwa, kisha watu huila. Chakula hicho huitwa koliva.

Magugu yaliyofanana na ngano

Mfano wa Mathayo 13 unapotea kidogo katika neno "magugu", kwa sababu gugu la kawaida humjua hata mtoto. Wataalamu wengi wanaamini mmea uliokusudiwa ni ule unaoitwa kisayansi Lolium temulentum. Ukiwa mchanga unafanana sana na ngano, na tofauti huonekana masuke yanapotoka. Mbegu zake mara nyingi hubeba kuvu wenye sumu. Zikisagwa pamoja na ngano, mlaji hupata kizunguzungu, macho humletea giza na huweza kutapika. Hata jina temulentum ni neno la Kilatini lenye maana ya kulewa. Kwa hiyo adui aliyepanda usiku alilenga kuharibu chakula cha nyumba nzima.

Na bado mwenye shamba anawazuia watumishi wasing'oe, maana mizizi imeshashikana. Swali lililofichwa hapo liliwahi kuligawa kanisa la Afrika Kaskazini. Wadonati walitaka kanisa safi, lisilochanganyika na waliosaliti imani wakati wa mateso. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliwajibu kwa mfano huu kwamba kutenganisha ni kazi ya siku ya mavuno. Wachungaji wanaoamua nani atengwe na ushirika wanakutana na swali hilo hilo hadi sasa.

Uwanda, kinu na bei

Ngano ilipurwa kwenye uwanda wa wazi, mahali palipoinuka, ng'ombe wakizunguka juu yake au wakivuta ubao wenye mawe makali chini. Jioni upepo ukivuma waliirusha juu, makapi yakapeperuka na chembe zikabaki. Ndiyo picha ya hukumu aliyotumia Yohana Mbatizaji. Ndiyo sababu pia Gideoni anashangaza. Alikuwa akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, shimoni pasipo upepo, kwa kuwaogopa Wamidiani wasiichukue.

Kusaga kulikuwa kazi ya wanawake ya kila siku, kwa mawe mawili. Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani ya deni.

Ngano ilikuwa ghali. Ufunuo sura ya 6 inataja kipimo cha kama lita moja, posho ya mtu mmoja kwa siku, kikiuzwa kwa mshahara wa siku nzima, huku shayiri ikipatikana mara tatu ya hicho kwa pesa ile ile. Maskini walikula shayiri. Mikate mitano ya yule mvulana katika Yohana 6 ilikuwa ya shayiri.

Mkate wa kanisani

Pentekoste, kabla ya kuwa sikukuu ya Kikristo, ilikuwa sikukuu ya malimbuko ya ngano, na mikate miwili ya ngano mpya ililetwa mbele za Mungu. Katika Kanisa Katoliki, mkate wa Ekaristi lazima uwe wa ngano tupu. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Kanisa ya 1983.

Padre Jean-Marc Ela, aliyeishi na wakulima wa mtama na uwele kaskazini mwa Kameruni, alihoji jambo hili waziwazi. Kwa nini mtu anayelima mtama alete mezani pa Bwana zao la shamba la mwingine, lililosafirishwa kutoka mbali? Wanaotetea kanuni hujibu kwamba kanisa halina ruhusa ya kubadili alichokitumia Yesu. Mwaka 2017 Vatikani ilisisitiza tena kuwa hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo inakubalika. Asiyeweza kula hata hiyo hupokea divai peke yake.