Nasaba ya rubani Beryl Markham na mtego wa majina

ANAYETAKA kuchunguza nasaba ya Beryl Markham, rubani mashuhuri aliyelelewa Njoro, hukumbana kwanza na utata wa majina.

Alizaliwa Ashwell, Uingereza, Oktoba 26, 1902, akaitwa Beryl Clutterbuck. Aliolewa mara tatu: na Jock Purves mwaka 1919, Mansfield Markham mwaka 1927 na Raoul Schumacher mwaka 1942. Aliporuka peke yake kutoka Uingereza hadi Canada kupitia Atlantiki, Septemba 1936, jina lililotangazwa duniani lilikuwa la mume wa pili. Atafutaye jina hilo katika nyaraka za kabla ya 1927 atatoka mikono mitupu.

Babake, Charles Clutterbuck, si vigumu kumfuata. Alikuwa mkufunzi wa farasi wa mashindano, na ukame ulipomfilisi alihamia Peru.

Kitendawili ni mama. Clara alirejea Uingereza pamoja na Richard, nduguye Beryl, huku binti huyo wa miaka minne hivi akiachwa na babake. Katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, Beryl hamzungumzii mamake kamwe. Kwa maoni yetu, kimya hicho chenyewe ni ushahidi. Kinachomrudisha Clara katika ukoo ni cheti cha kuzaliwa, kwani vyeti vya Uingereza hutaja pia jina la mama kabla ya ndoa, nalo lilikuwa Alexander. Baadaye Clara aliolewa tena, akabadili jina vilevile.

Hata Kibii, rafiki wa utotoni aliyekuja kumhudumia Beryl katika safari za ndege, alijulikana kama arap Ruta baada ya kutahiriwa. Hakuwa wa damu yake, lakini historia ya maisha hayo haikamiliki bila yeye.

Uvumi nao hupimwa kwa tarehe. Ilidaiwa kwamba mwanawe wa pekee, Gervase, alikuwa wa Mwanamfalme Henry wa Uingereza. Lakini Gervase alizaliwa Februari 1929, ilhali Henry aliwasili Kenya miezi ya mwisho ya 1928, Beryl akiwa tayari mjamzito.

Gervase alifariki mwaka 1971. Mamake aliishi hadi Agosti 3, 1986, alipofia Nairobi.