Mwitikio wa Watazamaji: Historia ya Michezo ya Vijana Marafiki katika Televisheni ya Marekani

Msimulizi wa pwani haanzi hadithi yake kabla hajasema "Paukwa" akajibiwa "Pakawa", na asipojibiwa hungoja, kwa kuwa mila imempa msikilizaji fungu lake katika kazi ya kusimulia. Nimeikumbuka mila hii mara nyingi nilipokuwa nikisoma habari za televisheni ya Marekani, hasa ile michezo mepesi isimuliayo maisha ya vijana marafiki waliokwenda mjini kutafuta kazi, cheo na mapenzi. Watu hudhani kwamba kioo kile husema peke yake, na kwamba mtazamaji huketi mbele yake kimya kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Ilhali historia ya michezo hiyo, kwa muda upitao miaka hamsini, yaonyesha kwamba aliyeketi na kuitikia ndiye mara kwa mara aliyeigeuza njia ya hadithi.

Asili ya mwitikio huo ni redio. Mwigizaji Lucille Ball, katika mchezo wa redio ulioitwa My Favorite Husband, ulioanza mwaka 1948, alikuwa amezoea kuigiza mbele ya watu waliokaa wakimtazama na kucheka papo hapo, na ilidhihirika kwamba ufundi wake ulichanua zaidi kila alipokuwa na watu machoni pake. Basi alipoingia katika televisheni pamoja na mumewe, Desi Arnaz, iliwalazimu kutafuta njia ya kuja na hadhira ile. Na mpigapicha mkongwe Karl Freund, aliyekwisha kujipatia sifa Ujerumani zama za sinema zisizo sauti, akawasaidia kuutatua mushkili wa kupiga picha kwa kamera tatu kwa wakati mmoja bila kuwaziba macho watu walioketi ukumbini. Mchezo huo, I Love Lucy, ulioanza kuonyeshwa tarehe 15 Oktoba 1951, ulisimulia habari za mke wa mwanamuziki aliyetamani usiku na mchana kupanda jukwaani yeye mwenyewe, pamoja na jirani zao wawili waliokuwa washirika katika kila hila yake. Na kicheko kilichosikika majumbani kilikuwa cha watu wapatao 300 waliokuwapo, waliocheka kwa kuwa wamechekeshwa. Tarehe 19 Januari 1953, siku ambayo mtoto wa Lucy alizaliwa katika mchezo, nyumba kwa nyumba Wamarekani wapatao milioni 44 waliketi kutazama, ilhali siku ya pili yake, Jenerali Eisenhower alipoapishwa kuwa Rais, watazamaji walikuwa takriban milioni 29.

Lakini kila chenye thamani hupata mwigaji wake. Katika mwaka uo huo wa 1953 fundi wa sauti aliyeitwa Charles Douglass alibuni mashine yenye vibonye, ambayo ndani yake mlihifadhiwa vicheko vya kila namna, kicheko cha chinichini, kicheko cha mwanamke mmoja, na kicheko cha ukumbi mzima, na fundi aliweza kuvitoa atakavyo kwa vidole vyake katika mchezo uliorekodiwa pasipo mtazamaji hata mmoja. Hapo kicheko kikawa bidhaa. Simlaumu fundi yule, ambaye alifanya kazi aliyoombwa. Walakini hasara ilikuwapo, nayo iliwapata waandishi kwanza, kwa sababu ukumbi wenye watu humwambia mwandishi kweli usiku ule ule, ukinyamaza pale alipotarajia shangwe na kuangua kicheko pale ambapo hakuweka mzaha wowote, ilhali mashine humsifu daima, na asifiwaye daima hajifunzi neno.

Wenye kampuni walipokosa kusikia kicheko cha kweli, barua za posta ziliendelea kuwaletea yaliyokuwa nyoyoni. Mwaka 1966 kampuni ya ABC ilianza kuonyesha That Girl, mchezo wa Marlo Thomas akiigiza binti aliyeondoka kwa wazazi wake ili aishi peke yake New York na kutafuta njia ya kuwa mwigizaji, jambo ambalo binti wa mchezo wa televisheni hakuzoea kulifanya pasipo mume. Mchezo ulikuwa mwepesi, wenye mavazi mazuri na mikasa midogo midogo; lakini Marlo Thomas amesimulia kwamba barua alizoletewa hazikuwa nyepesi. Wasichana walimwandikia habari za mimba walizoogopa kuwaambia baba zao, na wake walimwandikia habari za waume wenye kuwapiga, wakimwomba shauri mtu wasiyemjua, kwa sababu tu walimwona kila juma akiyakabili maisha bila ya kuegemea bega la mwanamume. Taathira ya barua hizo ilionekana mchezo ulipokaribia kwisha mwaka 1971. Wenye mamlaka walitaka umalizike kwa arusi, kama ilivyokuwa desturi ya hadithi za namna ile, naye akakataa katakata, akisema kwamba kufanya hivyo kungewaambia wasichana wote wale kuwa hakuna mwisho mwema ila ndoa.

Hofu ya wenye mamlaka kwa watazamaji yaonekana pia katika The Mary Tyler Moore Show, ulioanza mwaka 1970 katika kampuni ya CBS. Waandishi walikuwa wamekusudia kwamba Mary Richards, mwanamke aliyehamia Minneapolis na kupata kazi katika chumba cha habari, awe mwanamke aliyeachika. Lakini kampuni ilichelea kwamba watu wangedhani amemwacha Dick Van Dyke, ambaye katika mchezo mwingine kabla ya huo alikuwa mume wa mwanamke aliyeigizwa na Mary Tyler Moore, mwigizaji yule yule wa Mary Richards, na hivyo talaka ikafutwa, ikawekwa posa iliyovunjika. Kumbe watazamaji walikuwa na vifua vipana kuliko walivyodhaniwa. Walimpokea mwanamke yule pamoja na rafiki yake Rhoda na wenzake wa kazini, wakawa nao kwa miaka 7. Na mwaka 2002 mji wa Minneapolis ukapata sanamu yake akirusha kofia juu, ishara ya mtu aliyeingia mjini akiwa na idili na matumaini.

Hata hivyo marafiki wa michezo hiyo, karibu wote, walikuwa Wazungu, na kijana Mweusi wa Marekani aliyeketi kuwatazama alikuwa mgeni katika karamu ya wengine. Mwaka 1987 ulikuja A Different World, uliosimulia maisha ya wanafunzi katika chuo cha kubuni kilichoitwa Hillman, mfano wa vyuo vikuu vilivyoasisiwa kwa ajili ya Weusi. Mwaka wake wa kwanza haukuwa na uzito. Lakini Debbie Allen, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Howard, aliposhika uongozi katika mwaka wa pili, aliwapeleka waandishi wake kwenye vyuo halisi kuongea na wanafunzi wenyewe, nao wakarudi na hadithi za mapenzi, mitihani, deni na heshima ya nafsi. Miongoni mwa waliojifunza kazi katika chumba cha waandishi hao alikuwamo mwandishi kijana aliyeitwa Yvette Lee Bowser. Naye ndiye aliyeichukua taa ile akaipeleka mbele.

Tarehe 29 Agosti 1993 kampuni ya Fox ilianza kuonyesha mchezo wa Bowser, Living Single, habari za marafiki sita vijana Weusi ambao maisha yao yalizunguka jengo moja la Brooklyn. Khadijah James, aliyeigizwa na Queen Latifah, alikuwa mwenye gazeti na mhariri wake. Maxine Shaw, aliyeigizwa na Erika Alexander, alikuwa wakili mwenye ulimi mkali na njaa isiyokwisha katika jiko la wenzake. Kyle alikuwa na kazi katika soko la hisa, Overton fundi wa jengo, Synclaire mwenye ndoto ya uigizaji, na Régine mpenda mavazi na mtafuta bwana mwenye mali. Jina la Khadijah halimpiti bure msomaji wa pwani, maana sisi twamjua tangu madrasa yule bibi mfanyabiashara, mke wa Mtume, aliyemiliki mali na misafara yake mwenyewe. Na Khadijah wa Brooklyn naye alikuwa mwanamke wa biashara, akilala na hesabu za gazeti na kuamka nazo, akipungukiwa na fedha ya kununulia karatasi na ya kuwalipa wafanyakazi. Huo ndio uliokuwa utamu wa mchezo ule: mizaha ilikuwa mingi, lakini kazi ilikuwa kazi, na mtazamaji aliyetoka kazini amechoka alijitambua. Kwa misimu yake yote 5 mchezo huo ulikuwa miongoni mwa michezo iliyotazamwa zaidi katika nyumba za Wamarekani Weusi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Septemba 1994, kampuni ya NBC ilianza kuonyesha Friends, wa David Crane na Marta Kauffman, habari za marafiki wengine sita, Weupe, katika sehemu nyingine ya New York. Na michezo hiyo miwili, yote kazi ya studio za Warner Bros., ilipata kushindania usiku mmoja wa Alhamisi. Friends ulipewa matangazo na fedha ambazo wenzao hawakuzipata, ukaenea duniani. Wanawake wa miji mingi waliingia kwa wasusi na watengeneza nywele wakitaka kukatwa kama Rachel, mmoja wa wale sita. Watu wakabishana kazini na mezani kama Rachel na mwenzake Ross wataoana. Na siku ya mwisho, tarehe 6 Mei 2004, watazamaji wapatao milioni 52.5 waliketi Marekani kuwaaga. Lakini watu wale wale waliopenda ndio waliohoji. Waliuliza Monica aliyekuwa mpishi na Rachel aliyekuwa mhudumu wa mkahawa wamepata wapi fedha ya kupanga nyumba pana kama ile Manhattan, hata ikalazimu kuelezwa katika mchezo kwamba mkataba wa nyumba ulikuwa wa bibi yake Monica, wenye kodi ya zamani. Waliuliza pia itakuwaje marafiki sita waishi miaka 10 katika mji ule, uliojaa watu wa kila rangi, na rafiki Mweusi asipatikane. Na mtangazaji Oprah Winfrey aliwaambia waigizaji jambo hilo mbele ya watazamaji wake tangu mwaka 1995.

Uwezo wa hadhira haukudhihirika zaidi kuliko mwaka 1998, sehemu ya Friends iliporekodiwa London. Waandishi walikuwa wamekusudia kwamba Monica na Chandler, mwingine wa wale sita, wakutane usiku mmoja tu, kisha jambo lenyewe lipite kama mzaha. Lakini Monica alipoibuka kutoka chini ya shuka, watu waliokuwa ukumbini walipiga ukelele wa furaha uliodumu hata waigizaji wakashindwa kuendelea na maneno yao, na waandishi, kwa kusikia sauti ile, wakafahamu kwamba wameshika kitu kisichofaa kutupwa. Mapenzi yale yakakuzwa, yakafika ndoa, yakawa nguzo ya hadithi kwa miaka iliyobaki. Hiyo ndiyo "Pakawa" ya kweli, ambayo mashine yenye vibonye isingaliweza kuitoa, kwa kuwa mashine hucheka pale inapoamriwa tu.

Walakini kuna mwitikio wa namna nyingine, usiosikika siku ile ya kwanza, nao ni ule utokao miaka ishirini baadaye katika maisha ya mtu. Living Single ulimalizika tarehe 1 Januari 1998 bila ya kilio cha mamilioni. Lakini wasichana Weusi waliokuwa wakimtazama Maxine Shaw akiingia mahakamani na kutoka kifua mbele walikuwa wakikua. Stacey Abrams, aliyegombea ugavana wa Georgia mwaka 2018, na Ayanna Pressley, ambaye mwaka uo huo alichaguliwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Massachusetts katika Bunge la Marekani, wote wawili wamemtaja hadharani wakili yule wa kubuni kuwa miongoni mwa waliowatia moyo. Na Januari 2020, David Schwimmer, aliyeigiza Ross, aliposema kwamba huenda ungefaa kuwapo mchezo wa Friends wenye waigizaji Weusi watupu, Erika Alexander alimkumbusha kwamba mchezo huo ulikwisha kuwapo, na ulitangulia. Na watu wengi walioutazama utotoni wakaitikia pamoja naye.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mchezo mwepesi usipimwe kwa wingi wa watu waliocheka tu, kwa maana kicheko hupita na juma huanza upya. Upimwe pia kwa watu waliosimama baada ya kucheka, wakaenda kusoma, wakafungua gazeti, wakagombea kiti, au wakaandika barua kuuliza kwa nini nafsi zao hazimo katika hadithi. Na wewe msomaji, ambaye leo waletewa michezo ya vijana wa nchi yako na ya nchi za mbali usiku kwa usiku, usikubali kuwa mzigo bandarini. Kilichokufurahisha kitaje, kilichokudhulumu kikanushe, na mwandishi aliyesema kweli juu ya maisha yako mpelekee neno lako. Maana mwenye kusema "Paukwa" hana budi kusikia jibu.