Uzoeaji: nyoka aliyetulia mkononi amezoea, au amependa?

Kwenye barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Mambasa na Nia-Nia, kipo kijiji cha Epulu, ambacho kimeishi na istilahi moja kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha hapo kituo cha kukamata okapi. Mnyama alitumbukia kwenye shimo lililofunikwa kwa matawi, akatolewa polepole hadi zizini, na tangu hapo kazi ilikuwa kumfanya avumilie harufu ya binadamu, sauti yake, ndoo yake na fungu la majani mkononi mwake. Wenye Kifaransa chao huiita kazi hiyo abituasioni. Kwa Kiswahili tunasema mnyama amezoea, au kwa matamshi ya huku mashariki ya Kongo, amezobelea.

Neno hilohilo ndilo linalotakiwa tukiulizwa kama nyoka wa kufugwa anafurahia kushikwa. Swali hili halikuzaliwa Epulu, ambako nyoka akiingia nyumbani hukutana na panga kabla hajaulizwa hisia zake. Ni swali la wanaofuga, hasa Ulaya na Marekani. Kipenzi chao kikubwa ni chatu wa kifalme, chatu mdogo na mpole ambaye makazi yake ya asili yanatoka Senegali hadi Uganda, na ambaye huuzwa nje kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin. Jioni mwenye nyoka humtoa kwenye sanduku la kioo na kumpitisha vidoleni. Nyoka hutoa ulimi, huurudisha, hujiviringisha kwenye kifundo cha mkono, kisha hutulia. Mwenyewe husema: ananipenda.

Huenda. Lakini utulivu ule una maelezo mengine yanayotangulia mapenzi.

Uzoeaji ni namna ya kujifunza iliyo rahisi kuliko zote. Jambo likijirudia bila kuleta dhara wala faida, mshtuko wake hupungua. Mgeni anayelala karibu na maporomoko ya mto Epulu usiku wa kwanza hapati usingizi. Wenyeji hawayasikii tena. Masikio yao ni mazima kabisa, ila ubongo umeacha kuyahesabu maji. Mwaka 1966 watafiti Richard Thompson na Alden Spencer waliorodhesha sifa tisa za uzoeaji, na mbili kati yake zinamhusu moja kwa moja mwenye nyoka. Ya kwanza ni kwamba jambo likikoma kwa muda, mshtuko wa zamani hurudi wenyewe. Ya pili ni kwamba kikitokea kitu kigeni chenye nguvu, mnyama huzinduka, na lile alilokuwa amelizoea humshtua upya. Hii ya pili naiita mzinduko, na ndiyo inayotenganisha uzoeaji na uchovu wa kawaida, kwa sababu misuli iliyochoka haiamshwi na kelele.

Eric Kandel, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, aliufuata uzoeaji hadi ndani ya neva za Aplisia, konokono wa bahari mwenye neva elfu ishirini hivi. Ukimgusa huvuta yavuyavu lake ndani. Ukimgusa tena na tena, analivuta kwa uvivu zaidi. Hakuna aliyeandika kwamba konokono yule alikuwa ameanza kumpenda Kandel. Basi kama kiumbe mwenye neva chache namna hiyo anazoea, kule kuzoea peke yake hakuwezi kuwa ushahidi wa furaha. Wala hakuthibitishi kwamba furaha haipo.

Nyoka nao wamepimwa. Katika miaka ya 1980 Gordon Burghardt, Harold Herzog na wenzao walifanya kazi na vinyoka wachanga wa Marekani wasio na sumu ya kutisha, wakiwachokoza siku baada ya siku na kuhesabu mara wanazorusha kichwa kutaka kuuma. Mashambulizi yalipungua, lakini si kwa kasi moja: jamii hutofautiana, na hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana. Mwaka 2004 Xavier Glaudas alichapisha matokeo ya namna hiyo kwa nyoka mwenye sumu wa vinamasi vya kusini mwa Marekani. Naye alipunguza ukali kadiri alivyokutanishwa na binadamu.

Sasa neno lenyewe. Kwa nini nisiseme "uzoefu"? Kwa sababu uzoefu umeshaajiriwa kwingine: uko kwenye barua za kuomba kazi, uzoefu wa miaka mitano. "Mazoea" yangefaa zaidi, lakini yana ujirani ndani yake. Tukisema fulani ana mazoea na fulani tunaona watu wawili, kila mmoja akimjua mwenzake, pengine kupita kiasi. Ukimwandikia nyoka "mazoea na mwenye nyumba" umeshaingiza urafiki kwa mlango wa nyuma kabla ya kuuthibitisha. Hatari zaidi ni "kuzoeana", kitenzi kinachodai pande mbili. Kwa hiyo naona tutumie "uzoeaji" kwa kile kinachotokea ndani ya mnyama, na "uzoeshaji" kwa kazi anayoifanya binadamu. Mhifadhi Adrien Deschryver alifanya uzoeshaji wa sokwe wakubwa wa mbuga ya Kahuzi-Biega, mashariki ya Kongo, na uzoeaji ukatokea kwa sokwe. Lugha yetu imetupa viambishi hivi bure. Sioni sababu ya kukopa.

Ufugaji ni jambo la tatu na lisichanganywe na haya mawili. Ng'ombe na mbwa wamebadilishwa kwa vizazi vingi hata tabia waliyozaliwa nayo ikawa nyingine. Chatu wa kifalme aliyezalishwa katika sanduku huko Florida amebadilishwa rangi, basi. Kwa mengine yote bado ni nyoka wa porini anayeishi ndani ya nyumba ya mtu.

Lakini si kila nyoka aliyetulia amezoea. Kwa hilo shahidi wangu ni C.J.P. Ionides, Mwingereza aliyekuwa bwana nyama huko Liwale, Tanganyika, ambaye baadaye akawa mkamata nyoka mashuhuri hadi kifo chake mwaka 1968. Kwenye nyanda za Newala alikamata moma wengi wa Gaboni, nyoka wanene wenye nakshi kama mkeka, ambao wako pia katika msitu wa Ituri na ambao meno yao ya sumu hufikia sentimita 5. Namna yake ilikuwa hivi: anamgusa nyoka kidogo utosini kwa koleo, aone atafanya nini. Mara nyingi hafanyi kitu. Ionides anaweka koleo chini, anamshika shingo kwa mkono mmoja, anamtegemeza mwili kwa mkono wa pili, anampeleka sandukuni. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni nadra mno moma kufurukuta.

Moma yule hakuwahi kumwona Ionides. Hapakuwa na marudio, basi hapakuwa na uzoeaji. Utulivu ule ni maumbile ya mwindaji anayelala kwenye majani makavu siku nyingi akingoja panya apite, na ambaye kinga yake kubwa ni kutoonekana. Tuuite utulivu wa asili. Upo pia utulivu wa woga, na huo ndio unaowadanganya wengi: chatu wa kifalme akiogopa hujikunja akawa donge, kichwa kikiwa katikati ya mizunguko. Nimeona picha zake zimeandikwa kwamba "anajikumbatisha". Anaficha kichwa, sehemu ambayo hawezi kuipoteza akabaki hai.

Kwa wanaoshika nyoka Afrika Mashariki bila masanduku ya kioo, nenda Usukumani. Chama cha Buyeye, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946, ni chama cha watu wanaokamata nyoka na kucheza nao ngomani. Kinachonivutia ni kwamba elimu yao kubwa ni dawa: za kujikinga na za kutibu aliyeumwa. Watu wanaomshika nyoka tangu kwa babu zao hawakuweka matumaini kwenye upendo wake. Karl Schmidt, mtaalamu wa Chicago aliyeandika juu ya nyoka waliokusanywa Kongo na Herbert Lang na James Chapin kati ya 1909 na 1915, hakuwa na dawa. Mwaka 1957 aliumwa na kinyoka kichanga cha mitini kutoka Afrika alipokuwa akikichunguza, akaandika dalili zake moja baada ya nyingine, akafa siku iliyofuata.

Je, ndani ya nyoka mna kitu kinachoitwa hisia? Hapa tunaingia kwenye istilahi ya pili, ya Michel Cabanac wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec. Kwa kawaida reptilia hajitengenezei joto. Hulifuata juani au kwenye jiwe la moto. Cabanac na wenzake waliona kwamba mjusi akishikwa na kuachiwa huenda sehemu yenye joto zaidi kuliko kawaida yake, na mwili wake hupanda nyuzijoto kana kwamba anaumwa. Kobe wa maji naye alifanya hivyo. Mapigo ya moyo ya mjusi huongezeka anaposhikwa kwa upole. Ya chura hayaongezeki kwa namna ile. Cabanac aliliita jambo la joto homa ya hisia, akahitimisha kwamba hisia za moyoni zilianza kwa reptilia, si kwa vyura. Si wote waliokubaliana naye.

Tafsiri ya neno kwa neno inaniacha na wasiwasi. Hisia kwa Kiswahili ni pana mno: kuna hisia ya baridi, hisia ya njaa, hisia kwamba mtu ananifuata. Kilichopimwa na Cabanac ni mfadhaiko wa mnyama aliyetiwa mkononi, kwa hiyo "homa ya fadhaa" inakaribia zaidi. Na jina hilo linasema wazi jambo ambalo wafugaji hawalipendi: ushahidi mzuri zaidi tulio nao kuhusu moyo wa reptilia anayeshikwa ni ushahidi wa fadhaa. Nyoka ni jamaa wa karibu wa mijusi, kwa hiyo ni busara kudhani kwamba hayuko mbali na hapo. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi na wanafalsafa waliotoa Tamko la New York walisema kuna uwezekano wa kweli kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo, reptilia wakiwemo, wana ufahamu. Uwezekano, wamesema, na neno hilo lisitafsiriwe kuwa hakika.

Ili kusema "anapenda" tunahitaji kipimo kingine: uchaguzi. Mwaka 2020 Morgan Skinner na Noam Miller wa Kanada walionyesha kwamba nyoka wa huko hawajikusanyi ovyo. Wana wenzao wanaowapendelea, na wakitawanywa hurudi kwao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, waliwapa nyoka wa mahindi nafasi ya kuchagua kati ya sanduku la kawaida na sanduku lililoongezwa vitu, nao wakachagua lililoongezwa vitu. Hapo neno kupenda lina haki ya kutumika. Ukitaka kulitumia kwa mkono wako, mwache nyoka achague mwenyewe kati ya mkono na jiwe lenye joto lilelile. Pasipo jiwe, hujui kama amekujia wewe au amefuata joto lako.

Mpaka jaribio hilo lifanyike, anayeandika kibao cha banda la nyoka au kijitabu cha mfugaji aandike: "amezoea kushikwa". Ni sentensi inayobeba na tahadhari yake. Nyoka asiyeshikwa kwa wiki kadhaa mshtuko wake hurudi. Harufu ngeni mkononi, ya panya kwa mfano, huweza kumzindua, na pengine akaona mkono ni chakula. Na uzoeaji unapunguza mshtuko tu, haugusi tumbo: chatu aliyemeza jana, hata awe amezoea vipi, akitolewa leo na kupitishwa vidoleni anaweza kutapika mlo wote mezani.